Nilimpima Mama Akinyi, Sikumuuliza

Nimestaafu. Najua mnacheka. Nina miaka ishirini na tisa, naishi Lucky Summer kwa mama yangu, na kila akinisikia nikitamka neno hilo huniuliza kama nimestaafu kuosha vyombo pia. Lakini mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka minne, akaiacha, na hana nia ya kuirudia, mnataka aitweje? Nilitafuta neno jingine kwa wiki tatu. Sikulipata.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaotoka chuoni sasa hivi na cheti kama changu. Mmefundishwa kupanga viti, meza, skrini na programu za ofisini ili zimfae binadamu anayezitumia: mgongo usimuume, macho yasimkauke, mkono usife ganzi, na siri za watu alizokabidhiwa zisizagae ovyo. Ni kazi nzuri sana. Kasoro ilikuwa kwangu.

Kasoro yenyewe ni kufikiria kupita kiasi. Siku yangu ya kwanza nilifika mapema mno, nikakaa ngazini nikijiuliza: nikiingia wa kwanza nitaonekana nina kiherehere, nikiingia wa mwisho nitaonekana mvivu. Mama mmoja mnene mwenye mkoba mweusi alinipita akipanda, akasimama.

"Umepotea, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nasubiri mtu."

Akanitazama kidogo, akaendelea kupanda. Nikaamua kwamba mtu wa nne ndiye anayeingia kwa heshima inayofaa. Nilipomaliza kuhesabu na kukosea na kuhesabu tena, niliingia wa kumi na tano. Ofisi ilikuwa na watu kumi na wanne.

Ilikuwa Kariobangi, ghorofa ya tatu, juu ya karakana za jua kali. Chini wanagonga mabati kutwa nzima, juu tunagonga kibodi. Zahanati za mitaa hii zilituletea kadi za wagonjwa za karatasi, zile zilizochakaa hadi pembe zikawa za mviringo, nasi tukaziingiza kwenye kompyuta. Mwenye ofisi aliitwa Madam Wangari, mwanamke aliyeanza na mashine moja ya fotokopi na ambaye hakupenda kurudia maneno. Kila mfanyakazi alikuwa na kiwango chake cha kadi kwa siku. Ukishindwa kukifikisha miezi miwili mfululizo, mkataba wako hauongezwi. Madam aliniajiri kwa sababu watu wake walikuwa wakilalamika migongo, na kwa sababu alikuwa amesikia kwamba ofisi za kisasa zina mtu kama mimi.

Yule mama wa ngazini alikuwa Mama Akinyi. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mkazi wa Shauri Moyo, na kila siku alifika kabla ya wengine wote. Alianza kuchapa zamani za taipureta katika ofisi moja ya umma, enzi ambazo ukikosea herufi moja unaanza ukurasa upya. Mwandiko wa daktari ambao sisi wengine tuliugeuza juu chini bila kuambulia kitu, yeye aliusoma kama anayesoma bango la duka. Binti yake Akinyi alikuwa bado chuoni na hapakuwa na mwingine wa kumsomesha. Kumbukeni hilo, maana mimi nililisahau mara kadhaa.

Sasa niwaambie nilivyoanza. Nilikuwa na kitabu changu cha chuo, chenye picha ya mtu wa rangi ya kijivu, asiye na uso, ameketi kwa pembe mraba kila mahali: magoti, nyonga, viwiko. Kitabu kilisema ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho. Nikapita na futi yangu ya kupimia, nikainua skrini zote kumi na nne kwa maboksi ya karatasi, hadi zikalingana na macho. Nilijisikia kama daktari aliyemaliza zamu.

Wiki mbili nilimwona Mama Akinyi ameketi wima kabisa, kidevu juu, kama mtu anayetazama ndege ikipita. Nikaandika kwenye daftari langu: *Mgongo wima. Matokeo mazuri.* Nikapigia mstari.

Aliyenishtua ni Kevo, kijana wa Kariobangi aliyeketi karibu naye na ambaye hakuwahi kuzungumza polepole maishani mwake.

"Niaje, Injinia wa Viti. Unajua Mathe, huyu Mama Akinyi, analala na leso imefungwa shingoni siku hizi?"

"Kwa nini?"

"Si ni hiyo skrini yako! Miwani yake ni ya kusoma huku chini. Wewe umempandishia maneno huko juu. Lazima ainue kichwa ndio asome na hii sehemu ya chini. Manze, anakaa kama kuku akinywa maji."

Nilienda kwa Mama Akinyi huku nimejiandaa kwa hotuba ya kuomba radhi yenye sehemu tatu. Sikufika ya pili.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuona umefurahi," akasema. "Nikasema, wacha huyu mtoto wa wenyewe afurahi kidogo. Nitaishusha siku nyingine."

Basi, wadogo zangu: mkikuta mtu ana miwani ya namna hiyo, juu ya kuona mbali na chini ya kusomea, shusheni skrini mpaka asome bila kuinua kidevu, kisha mlaze uso wa skrini uangalie juu kidogo. Pia kitu chochote mtakachobadilisha, rudini kesho yake, na kesho kutwa, mkaulize. Tena msimuulize aliye mpole. Muulizeni jirani yake.

Ungedhani nilijifunza. Nilijifunza kuhusu miwani tu.

Miguu ya Mama Akinyi ilikuwa haifiki chini vizuri, kwa hiyo nikachora kibao cha kuwekea miguu. Kilikuwa na ngazi saba za kupandisha na kushusha, springi mbili, na mchoro wa pembeni uliomwonyesha yule mtu wa kijivu akitabasamu, ingawa hana mdomo. Nikashuka nao karakana ya chini kwa Baba Shiro, fundi wa kuchomea vyuma, mtu wa Murang'a aliyevaa miwani myeusi hata akinywa chai.

Akautazama mchoro kwa muda. "Huyu mtu ana miguu mingapi?"

"Miwili, Baba Shiro."

"Na hizi ngazi saba ni za nini?"

"Ili aweze kuchagua."

"Atachagua saa ngapi, na ameajiriwa kuandika? Mlete hapa."

"Nina vipimo vyake vyote kwenye daftari."

"Nimesema mlete yeye. Daftari halina miguu."

Nikamleta. Baba Shiro akamkalisha kwenye kiti cha kimo kilekile cha ofisini, akaweka ubao juu ya magoti yake uwe kama meza, akamwambia ajifanye anachapa. Kisha akaanza kumpigia stori. Akamuuliza kuhusu Shauri Moyo, kama ile mifereji imewahi kuzibuliwa, nani siku hizi anauza samaki kule kona. Mama Akinyi akaanza kueleza kwa mikono, akacheka, akasahau alikuja kufanya nini. Muda wote huo Baba Shiro alikuwa amechuchumaa akisukuma vipande vya mbao chini ya nyayo zake, kimoja kimoja, akiondoa na kuongeza, mpaka mabega ya yule mama yakashuka yenyewe.

"Hapo," akasema, akachukua futi yake. "Mtu akijua anapimwa hukaa kama yuko studio ya picha. Ukitaka kujua anavyokaa, mpe maneno."

Kile kibao kilikuwa kipande cha mbao kwenye fremu ya chuma, kimelala kwa mteremko kidogo. Hakikuwa na springi. Mama Akinyi alikitumia tangu siku ile, na watu wengine sita wakaja kutaka chao. Nilikuwa nimekaa darasani miaka minne ili nije nifundishwe na mtu aliyechuchumaa kwamba mwili hausemi ukweli ukiwa umeshikiwa daftari.

Hata hivyo, tatizo lenyewe la Mama Akinyi halikuwa shingo wala miguu. Lilikuwa mkono wa kulia. Kifundo kilianza kumuuma, kisha vidole viwili vikawa vinakufa ganzi, na mwezi mmoja hesabu yake ya kadi ikashuka chini ya kiwango. Mwezi mmoja bado si miwili, lakini kila mtu aliweza kuhesabu. Na hapo ndipo nilipoleta uvumbuzi wangu mkubwa.

Kitabu kilisema watu wapumzike mara kwa mara. Nikatafuta programu inayofunga kompyuta dakika tano kila baada ya nusu saa. Skrini inageuka rangi ya kijani, anatokea kikatuni anayenyoosha mikono, na huwezi kuandika hata herufi. Niliiweka kwenye mashine zote kumi na nne jioni ya Ijumaa. Sikumwambia mtu. Nilitaka Jumatatu wastuke kwa furaha.

Walistuka.

"Injinia! Hiki kidude chako kimenifungia katikati ya jina la mgonjwa!"

"Nyoosha mikono, Kevo."

"Ninyooshe mikono, na kadi nani ataziandika? Huyo kikatuni?"

Nilikuwa nimewapa mapumziko bila kugusa kiwango cha siku. Yaani niliwaambia watu wapunguze kukimbia huku nimeacha mstari wa mwisho palepale. Nilijua hilo? Nilijua. Niliandika kwenye daftari: *Kuzungumza na Madam kuhusu kiwango.* Kisha nikafikiria kwa miezi miwili jinsi ya kuanza mazungumzo hayo.

Lakini jambo la ajabu likatokea. Malalamiko yalikwisha baada ya siku chache. Ofisi ikatulia. Na hesabu ya Mama Akinyi ikaanza kupanda. Ilipanda wiki ya kwanza, ikapanda ya pili, ikapita kiwango. Nikachora grafu. Nikaitazama grafu ile kama mtu anavyotazama picha ya mtoto wake. Nikaandika ripoti ya kurasa kumi na mbili, kichwa chake kikiwa na neno "binadamu" mara mbili, nikampelekea Madam Wangari. Madam, ambaye hakusifu mtu kirahisi, alisema, "Hii sasa ni kazi." Akaibandika grafu ukutani karibu na mlango, mahali ambapo wageni wa zahanati wangeiona.

Mama Akinyi alipita chini ya grafu ile kila asubuhi. Hakuwahi kuitazama. Nilidhani ni unyenyekevu.

Kisha, Jumanne moja, zahanati mojawapo ikapiga simu. Kulikuwa na wagonjwa wawili wenye jina moja, wanawake wawili, na kadi ya mmoja wao ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba asidungwe penisilini. Onyo lile liliingizwa kwenye faili la mwenzake. Kosa liligunduliwa kwenye chumba cha sindano. Walitaka barua ya maelezo, na walitaka kujua ni nani.

Kompyuta huhifadhi kila kitu: kadi, siku, saa, na jina la aliyeingiza. Madam akatuita mezani kwake, mimi na Mama Akinyi, akageuza skrini.

"Mama Akinyi, hii kadi iliingizwa kwa jina lako. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Ni yako?"

Mama Akinyi aliinama akasoma. Kisha akasema, "Kama ni jina langu, basi ni yangu."

"Unajua mkataba wako unaisha Ijumaa."

"Najua, Madam."

"Na unajua sasa siwezi kuuongeza."

"Najua."

Hapo ndipo nilipokumbuka daftari. Mimi huandika kila kitu, na saa zake. Nilirudi mezani pangu nikafungua ukurasa wa siku ile kadi ilipoingizwa. *Saa nne kamili hadi saa nne na nusu: karakana kwa Baba Shiro, pamoja na Mama Akinyi. Kupima kimo cha kibao kipya cha kibodi, kwa ajili ya mkono wake.* Saa nne na dakika kumi Mama Akinyi alikuwa ghorofa tatu chini yetu, akibishana na Baba Shiro kuhusu bei ya omena. Nilikuwa nimeshika futi.

Nikamfuata Kevo ngazini.

"Kevo, nani alitumia jina la Mama Akinyi?"

Akanitazama kama nimemuuliza nani anapumua. "Sote."

"Sote nani?"

"Injinia, kwani wewe unakaa wapi? Zile mashine mbili za nyuma, za kujifunzia, hukuzifunga na kidude chako. Ukifungiwa hapa dakika tano, unakimbia kule unaandika. Mathe ndiye anafika wa kwanza, anazifungua zote mbili na jina lake asubuhi. Kwa hivyo zile kadi za dakika tano ni zake. Tulikubaliana. Kila mtu anamchangia."

"Lakini mkono wake ulikuwa umepata nafuu. Grafu ilipanda."

"Grafu tuliipandisha sisi! Hiyo ilikuwa harambee. Mkono wa Mathe haujapona. Ulidhani umeponywa na kikatuni?"

Nilikaa chini pale ngazini. Jamani, niliwahi kufeli mitihani, lakini sijawahi kuwa na mtihani niliofeli ukabandikwa ukutani na kusifiwa. Watu kumi na watatu walikuwa wakichanga kadi kama watu wa ploti moja wanavyomchangia jirani aliyelazwa. Walifanya hivyo mbele ya macho yangu, kwa kutumia mapumziko niliyowalazimisha, na mimi nikachora mstari wa bluu na kuuita utafiti. Badala ya kupumzisha mikono yao, walikuwa wakiiharakisha maradufu: dakika tano za kukimbia hadi nyuma, kukaa kwenye viti vibovu ambavyo sikuvigusa kwa kuwa havikuwa vya mtu, kuandika siri za wagonjwa kwa jina lisilo lao, na kurudi. Kadi yenye wino mwekundu iliandikwa katika mbio hizo.

"Nani aliiandika ile kadi yenyewe?" nikauliza.

Kevo akakuna kichwa. Kwa mara ya kwanza alizungumza polepole. "Inaweza kuwa mimi. Inaweza kuwa mwingine. Siwezi kuapa. Nilikuwa nikiangalia saa kuliko kadi."

Nikamwendea Mama Akinyi. Alikuwa akipanga mkoba wake taratibu, kwa mkono wa kushoto.

"Mama, hukuandika wewe. Mbona umekubali?"

"Nikisema si mimi, watauliza ni nani. Nikisema ni nani, wataondoka wangapi? Hawa watoto walikuwa wakinisaidia."

"Na Akinyi je? Chuo?"

Akafunga zipu. "Hilo nililifikiria jana usiku, na juzi. Wewe usilifikirie. Wewe ukianza kufikiria utaugua."

Ilikuwa Jumatano. Sasa nawaambia ukweli ambao sijivunii: nilikuwa na ushahidi mkononi na bado niliandika barua kwa Madam mara tisa. Ya kwanza ilikuwa na dibaji. Ya tatu ilikuwa na jedwali. Ya sita niliifuta kwa kuwa ilinifanya nionekane mwema mno. Alhamisi mchana Kevo alinikuta naandika ya tisa.

"Si uingie tu useme?"

"Natafuta namna ya kuanza."

"Anza na 'Madam'. Kesho ni Ijumaa, Injinia."

Nikaingia.

"Kaa, Nekesa," Madam akasema bila kuinua macho. "Kaa tu. Usikipime kiti."

Nikakaa. Nikasema yote kwa mpangilio mbaya kabisa. Nilianza na Baba Shiro, nikarudi kwenye programu, nikaruka hadi mashine za nyuma, nikasahau kutaja onyo la penisilini, nikarudi. Nikamwekea daftari mezani, ukurasa wa saa nne. Nikasema grafu iliyoko ukutani ni ya uwongo, na kwamba aliyewaingiza watu katika mbio zile ni mimi, kwa kuwa niliwapa kufuli na kuliita mapumziko.

Madam akalivuta daftari, akausoma ukurasa ule mara mbili.

"Kwa hivyo ripoti yako ya kurasa kumi na mbili?"

"Ukurasa wa jina uko sawa."

Hakucheka. "Nitawaadhibu watu kumi na watatu?"

"Ukiwaadhibu, ofisi itabaki na mimi na wewe, na mimi ndiye sijui kusoma miandiko ya madaktari."

Hapo aliinua kichwa. Nadhani ni sentensi ile iliyonitoka bila kufikiriwa ndiyo iliyofungua mlango, maana akauliza, "Ni nani anayejua kuisoma?" Nikamwambia Mama Akinyi. Akamwita. Mama Akinyi, akisimama kwa kuwa alikataa kukaa, alieleza jinsi walivyofanya katika ofisi ile ya zamani: waraka muhimu haukutoka kabla mmoja hajausoma kwa sauti kutoka karatasi ya awali na mwingine kuufuata kwenye uliochapwa, neno kwa neno. Makosa yalisikika kabla ya kuonekana. Na anayesoma, mikono yake imepumzika.

Madam akawaita wote. Chai ikaletwa, na mandazi, na nikafanya jambo ambalo lilistahili kuwa la siku yangu ya kwanza. Nikaweka kalamu chini, nikawauliza mmoja mmoja: siku yako ikifika saa nane mchana, mwili wako unakuwa vipi? Mmoja anayeketi karibu na dirisha alisema mwanga humpiga skrini hata haoni nusu ya maneno, na amekuwa akikisia. Mmoja alisema kipanya kiko mbali kwa sababu kuna kikombe cha kalamu ambacho hakuna anayejua ni cha nani. Wanane waliinua mkono nilipouliza kuhusu vifundo vya mikono. Kevo alisema, "Mimi sina shida," kisha akaonekana akijikanda bega. Kikombe cha kalamu kilikuwa changu.

Tukakubaliana hivi: wawili wawili, mmoja anasoma, mwingine anaandika, wakibadilishana kila baada ya muda wanaouchagua wenyewe. Kufuli nikaliondoa palepale, wakipiga makofi kuliko inavyopendeza. Mashine za nyuma zikafungwa, na kila mtu akawa anaingia kwa jina lake na kutoka kwa jina lake, hata akienda chooni. Kadi zenye wino mwekundu zikawa zinapita kwa Mama Akinyi kwanza, asome kwa sauti mara mbili. Kiwango cha siku Madam alikipunguza kwa mwezi mmoja wa majaribio. Mkataba wa Mama Akinyi ukaandikwa upya: msomaji na mkaguzi. Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikapinda, akaomba radhi kwa mwandiko wake.

Ilibaki barua ya zahanati.

"Wanataka jina," Madam akaniambia. "Barua haiwezi kusema 'ofisi'. Ofisi haina uso."

"Weka langu."

"Unajua watakachosema? Watasema huyo mtu asiguse tena faili zao. Na wao ndio nusu ya kazi yetu."

"Nimelifikiria."

"Hilo," akasema Madam, "sina shaka nalo hata kidogo."

Ndivyo nilivyostaafu. Lakini barua haikutoka siku ile bila kupita kwa mkaguzi mpya. Nilimpelekea Mama Akinyi mezani, kurasa mbili. Akavaa miwani, akaisoma kwa sauti, na wengine wakanyamaza kusikiliza: programu ilivyowekwa, mashine zilivyotumiwa, majina yalivyochanganywa, hatua zilizochukuliwa. Nilijisikia vizuri. Ilikuwa barua iliyonyooka. Alipomaliza akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo, Mama. Kuna kosa?"

"Umeandika kompyuta mara nyingi. Yule mgonjwa je? Walimdunga au hawakumdunga?"

Nikamtazama Madam mlangoni. Madam akamtazama Kevo. Watu kumi na sita tulikuwa chumbani, na tangu Jumanne tulikuwa tumezungumza juu ya jina la nani, saa ngapi, mashine ipi. Simu ilisema kosa liligunduliwa kwenye chumba cha sindano. Hakuna aliyeuliza kama liligunduliwa kabla au baada.

Nikashuka ngazi na barua mkononi, bila bahasha. Zahanati iko mwendo wa dakika kumi, ukipita katikati ya soko. Nilikwenda nusu nikikimbia, na nilipofika muuguzi wa chumba cha sindano alikuwa mlangoni na trei, mwanamke mfupi aliyevaa sweta ya bluu juu ya sare.

"Sista," nikasema, nikitweta, "yule mama wa penisilini. Wa wiki hii. Alidungwa?"

"Wewe ni nani wake?"

"Ni mimi niliyesababisha kosa."

Akanichunguza. "Hakudungwa. Yuko mzima. Nilimuuliza kama kuna dawa inayomkataa, akaniambia."

"Ulimuuliza? Lakini kompyuta ilikuwa imeonyesha hakuna shida."

"Mimi huuliza kila mtu," akasema, kama anayeeleza kwamba yeye hunawa mikono. Kisha akaona nilivyokuwa nimeshikilia fremu ya mlango, jasho likinitiririka, akaweka trei chini na sauti yake ikalainika.

"Na wewe, dadangu, unaumwa wapi?"

Lilikuwa swali zuri. Nilitaka kulijibu sawasawa, kwa hiyo nikaanza kulifikiria, na nikalifikiria kwa muda mrefu hivi kwamba akamwita mgonjwa aliyekuwa nyuma yangu.